Umepandikizwa uboho na virusi havishuki? Uliza hivi kuhusu seli T

Umeshapandikizwa, wiki zinaenda, alafu unaambiwa kirusi cha CMV kinapanda, au kirusi cha BK kinakufanya ukojoe damu. Usishangae, virusi hivi wengi tunavyo toka utotoni vimelala tu, kinga ikifutwa kupisha uboho mpya vinaamka. Dawa zipo ila gansikloviri inashusha chembe za damu na foskarneti inasumbua figo, kwaiyo kuna siku dawa yenyewe inakuwa mzigo.

Hapo ndo kuna seli T (askari wa kinga kwenye damu) za kirusi husika. Zinatolewa kwa mtu ambaye mwili wake unakijua hicho kirusi, maabara wanazichuja au kuzikuza, unawekewa mshipani. Seattle, Marekani, walianza na CMV mwanzoni mwa miaka ya 90, wakitumia seli za mchangiaji yuleyule wa uboho. Siku hizi kuna mpaka benki za seli za watu baki, zimegandishwa kwenye naitrojeni zinasubiri mgonjwa.

Uliza mapema, dawa ya kwanza ikianza kugoma tu, usisubiri mpaka ICU. Sehemu nyingi bado ni majaribio, ndo maana uulize kama hospitali yenu imo au wanaweza kukutuma kwingine. Ulaya wamepitisha tabelecleucel, seli T za benki, Desemba 2022, ila hiyo ni kwa uvimbe unaoletwa na kirusi cha EBV baada ya upandikizaji. Posoleucel, seli za benki za virusi kadhaa kwa pamoja, nayo ilitia watu moyo sana, majaribio makubwa yakasimamishwa 2023, kwaiyo anayekuahidi kupona asilimia mia muogope.

Karatasi ya HLA (kipimo cha kulinganisha tishu), yako na ya mchangiaji, piga picha ikae kwenye simu. Uliza pia kama mchangiaji aliwahi kupata hicho kirusi, maana kama hajawahi seli zake hazina kumbukumbu nacho na itabidi mwende benki.

Sasa steroidi, dawa za kutuliza kinga, na hapa ndo wengi wanakwama. Prednisoni inaziua seli hizi, itifaki nyingi zinataka usizidi nusu miligramu kwa kilo kwa siku, yaani mtu wa kilo 60 asivuke 30. ILA USIPUNGUZE MWENYEWE!! Kama una GVHD, seli za mchangiaji zinazoshambulia mwili wako, ukikata dozi kienyeji unaweza kujimaliza. Mwambie daktari mapema akupangie kushuka taratibu.

Siku yenyewe haina maajabu, ni dakika chache tu, unapewa dawa ya kuzuia aleji alafu wanakupima joto masaa kadhaa. Harufu kama kitunguu saumu ni ya dawa ya kugandishia, wageni wodini watakuangalia vibaya kidogo.

Baada ya hapo PCR, kipimo cha wingi wa virusi, kila wiki. Isiposhuka wiki ya kwanza usikate tamaa, seli zinahitaji muda wa kuzaana, wengine wanarudiwa dozi. Dawa za virusi endelea nazo mpaka uambiwe acha, na ukiona vipele, kuhara au macho ya njano piga simu usiku huohuo.