Kufundisha Nchi za Afrika kwa Kuanzia Mpakani

Mwalimu anayefungua somo la nchi za Afrika kwa kuandika ubaoni orodha ya nchi 54 na miji mikuu yake atapata darasa linaloimba vizuri, lakini mtoto akipewa ramani isiyo na majina hatajua aweke kidole wapi. Ni afadhali kuanzia nchi anayoishi mtoto, kisha kuvuka mpaka mmoja baada ya mwingine. Hapa nachukulia kwamba darasa liko Tanzania.

Kipindi cha kwanza kifanyike uwanjani, asubuhi. Watoto wanyooshe mkono wa kulia kuelekea jua linakochomoza, na hapo watakuwa wametazama kaskazini. Chora umbo la Tanzania chini kwa majivu au chokaa, kaskazini ya mchoro ikielekea kaskazini halisi, kisha wasimamishe watoto 8 wawe majirani: Kenya na Uganda kaskazini, Rwanda na Burundi kaskazini-magharibi, Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo magharibi, Zambia na Malawi kusini-magharibi, na Msumbiji kusini. Anayewakilisha Kongo atabishiwa na wenzake, kwa kuwa kati yake na Tanzania kuna Ziwa Tanganyika. Usiukate ubishi huo mapema, maana ndani yake watoto hugundua wenyewe kwamba mpaka unaweza kupita katikati ya maji.

Baada ya majirani, panua ramani kwa safari. Mfano ninaoupenda ni wa lori lililobeba shehena kutoka bandari ya Dar es Salaam kwenda Lubumbashi: linafika Tunduma, linaingia Zambia, ndipo linavuka kwenda Kongo. Waulize kwa nini mzigo wa Kongo upite huku ilhali nchi hiyo ina bahari yake. Wakiitazama ramani wataona kwamba pwani ya Kongo ni fupi mno, tena iko magharibi, mbali sana na Lubumbashi. Swali hilo linafungua mlango wa nchi zisizopakana na bahari, ambazo Afrika ina 16. Watoto wazipake rangi moja, na kila moja waitafutie bandari iliyo karibu.

Majina yanayofanana yatengewe siku yake. Kuna Niger na Nigeria. Kuna Guinea, Guinea-Bissau na Guinea ya Ikweta. Na kuna Kongo mbili, ambazo miji yake mikuu, Kinshasa na Brazzaville, inatazamana kwa kutenganishwa na mto tu.

Ramani ya zamani iliyotundikwa ukutani isitupwe. Wape watoto kazi ya kuisahihisha: Sudan Kusini ilijitenga mwaka 2011, na tangu hapo Algeria ndiyo nchi kubwa kuliko zote barani, Swaziland ilibadili jina mwaka 2018 ikawa Eswatini. Mtoto akiuliza mbona Umoja wa Afrika una wanachama 55, mweleze kwamba Umoja huo unaitambua pia Sahara Magharibi kama nchi mwanachama, wakati Umoja wa Mataifa hauitambui hivyo.

Katika kupima, epuka swali la "Mji mkuu wa Chad ni upi?" peke yake. Mpe mtoto ramani tupu na umwambie achore njia ya nchi kavu kutoka Dodoma hadi Cairo, akiandika jina la kila nchi anayopita, kisha achore njia ya pili isiyogusa Sudan Kusini.