Unasali Wapi? Namna ya Kutafuta Kanisa Ukihamia Tabora

Ukihamia Tabora, swali utakaloulizwa mara tu baada ya jina lako na mahali ulikotoka ni hili: unasali wapi? Mimi niliulizwa na mwenye nyumba wangu siku ileile niliyokuwa nashusha godoro kutoka kwenye bajaji. Mzee huyo ni Mwislamu, kwa hiyo yeye anaswali na mimi nasali, lakini alikuwa na sababu ya kuuliza ambayo sikuielewa hadi baadaye. Sikuwa na jibu. Nilikuwa nimelelewa katika Kanisa Anglikana huko Masasi, nikadhani kwamba nitatafuta kibao chenye jina hilo, nitaingia, na mambo yataishia hapo. Ilinichukua miezi mitano kupata mahali, na sehemu kubwa ya muda huo niliipoteza kwa kutojua la kutazama.

Kabla hujaanza kuzunguka

Anza na kanisa unalotoka. Nenda kwa mchungaji au paroko wako, umuage, na uombe barua ya utambulisho inayoeleza kuwa wewe ni mshiriki, umebatizwa, na kama ni hivyo, umepata kipaimara na kufunga ndoa kanisani. Beba na vyeti vyenyewe. Watu wengi huondoka kimyakimya, kisha mtoto anapotaka kubatizwa au binti anapotaka kufunga ndoa ndipo wanaanza kupiga simu kwa katibu wa parokia aliye umbali wa siku mbili kwa basi. Kwa Wakatoliki jambo hili lina uzito wa pekee, kwa kuwa ukitaka kufunga ndoa paroko atakudai nakala ya cheti cha ubatizo iliyotolewa karibuni, na nakala hiyo hutolewa na parokia ulikobatizwa.

Halafu usitegemee sana kibao. Kule Masasi kanisa letu lilipandwa na wamisionari wa UMCA (umisheni wa vyuo vikuu vya Uingereza kwa Afrika ya Kati) waliofika mwaka 1876, watu wa ubani, kengele, mishumaa na kuonyesha ishara ya msalaba. Anglikana ya Tabora imetokana na Dayosisi ya Western Tanganyika, iliyoanzishwa mwaka 1966 makao yake yakiwa Kasulu, na mizizi yake ni ya wamisionari wa CMS (Church Missionary Society), ambao uzito wao ulikuwa katika mahubiri na Biblia. Jumapili yangu ya kwanza nilisubiri ubani hadi baraka ya mwisho. Lilikuwa kanisa lilelile na Ekaristi ileile, ila nilijiona kama mtu aliyeingia nyumba ya baba mdogo akakuta kila samani imehamishwa. Mmoravian anayetoka Rungwe, ambako kazi ilianza mwaka 1891, anaweza kukutwa na hali kama hiyo, kwa sababu Umoravian wa huku ulianzia Urambo, katika kituo kilichofunguliwa na wamisionari wa London na kukabidhiwa kwa Wamoravian mwaka 1898. Haya ni majimbo mawili yenye historia mbili, na ni vizuri mgeni akayajua kabla hajaanza kulalamika kwamba huku hawajui utaratibu.

Jambo la tatu ni ubatizo, nalo ulimalize mapema, tena kwa kuuliza waziwazi. Kama ulibatizwa ukiwa mtoto mchanga, Wakatoliki, Walutheri, Waanglikana na Wamoravian hawatakubatiza tena, mradi ulibatizwa kwa maji kwa jina la Baba na la Mwana na la Roho Mtakatifu. Wapentekoste, Wabaptisti na Waadventista Wasabato watakutaka ubatizwe kwa maji mengi kabla hujahesabiwa kuwa mshiriki kamili. Namjua dada mmoja aliyeimba kwaya karibu mwaka mzima katika kanisa fulani, akashona sare, akachangia vyombo vya muziki, kisha siku ya Meza ya Bwana akaambiwa akae pembeni kwa kuwa hakuzamishwa. Hakudanganywa na mtu, kwa sababu hakuna aliyemwuliza na yeye hakuuliza.

Kwenda na kuketi

Chagua makanisa matatu, au manne yakizidi sana. Ukizunguka kumi utachanganyikiwa, na Tabora si mji wa kujificha. Utakutana na wazee wa makanisa yote kumi sokoni. Kila kanisa lihudhurie angalau mara mbili, na uzikwepe siku za pekee kama vile sikukuu ya mavuno, siku ya kipaimara, ziara ya askofu au wiki ya semina. Siku hizo kila mtu amevaa vizuri na mahubiri yameandaliwa kwa mwezi mzima. Nenda Jumapili ya kawaida, katikati ya mwezi, wakati mishahara imeisha na mvua imenyesha usiku.

Uliza ratiba mapema. Penye ibada mbili, ya kwanza huanza alfajiri na huwa fupi, wakati ya pili hubeba kwaya zote, matangazo yote na wageni wote. Ukitaka kusikia mafundisho nenda ya kwanza. Ukitaka kuwajua watu nenda ya pili, tena ukiwa umekunywa chai. Kwa Wasabato ni Jumamosi, na ukifika wakati wa hubiri kuu utakuwa umekosa shule ya Sabato, ambayo kwa mgeni ndiyo yenye faida zaidi kwa sababu watu huketi katika vikundi na kujibizana.

Keti katikati. Mgeni akikaa nyuma kabisa hukaa na watu wanaowahi kutoka, na akikaa mbele hajui lini asimame. Utaombwa usimame ujitambulishe: taja jina, ulikotoka na unakosali, kisha keti. Salamu ni "Bwana Yesu asifiwe" karibu kila mahali, ila kwa Wakatoliki ni "Tumsifu Yesu Kristo", na jibu lake ni "Milele na milele, amina". Katika Misa, kama wewe si Mkatoliki, usijipange kupokea Komunyo. Baki mahali pako, wala hakuna atakayekushangaa. Kwa Wasabato, siku ya Meza ya Bwana utakuta watu wakitawadhana miguu, wanawake kwa upande wao na wanaume kwa upande wao, na mgeni anayetaka kushiriki hukaribishwa.

Ibada ikiisha usikimbilie bodaboda. Kwenye makanisa mengi huku, sadaka ya mazao huuzwa kwa mnada nje ya mlango, na mimi nimejifunza mengi zaidi hapo kuliko kwenye mahubiri. Kulikuwa na kanisa ambako bibi mmoja alileta tetea mwekundu aliyefungwa miguu kwa kamba ya katani. Mzee wa kanisa akamwinua juu: elfu nane, elfu tisa, elfu kumi mara ya kwanza. Kijana mmoja akamchukua kwa elfu kumi na mbili, akalipa, kisha akamrudishia bibi yuleyule kuku wake, na watu wakacheka na kupiga makofi kana kwamba walilijua hilo tangu mwanzo. Likaja bakuli la karanga, mama mmoja akalinunua kwa elfu mbili akanikabidhi mimi, mgeni. Kanisa jingine mnada wao ulikuwa wa watu watatu wenye magari wakishindania ndizi, na aliyeleta ndizi hizo hakutajwa. Sisemi kwamba kanisa la pili ni baya. Nasema tu kwamba nilirudi lile la kwanza.

Kuhusu namba ya simu, toa ukiombwa, lakini tazama inavyotumika. Pahali pamoja nilijaza daftari la wageni siku ya Jumapili, na Jumanne nikapokea ujumbe wa kunikumbusha ahadi yangu ya ujenzi. Sikuwa nimetoa ahadi yoyote. Huenda walichanganya majina, lakini katika ujumbe wote huo hapakuwa hata na neno la karibu.

Siku za kazi

Kosa langu kubwa lilikuwa kudhani kwamba kanisa hupimwa Jumapili. Omba kupelekwa kwenye jumuiya ya mtaa wako, ambayo kwa baadhi ya Wapentekoste huitwa kanisa la nyumbani au seli. Hapo ndipo utakapoona kama watu wanafahamiana kwa majina, nani anafuatwa akikosa wiki mbili, na kama mtu asiye na kitu anaruhusiwa kusema. Ndiyo sababu umbali una maana. Ukipanga kata ya Ipuli kisha ukapenda kanisa lililo upande wa pili wa mji, Jumapili utafika, lakini katikati ya wiki, giza likishaingia, hutafika.

Mwenye nyumba wangu ndiye aliyenifungua macho. Jioni moja, tukiwa tumekaa barazani, alinisimulia habari za mpangaji wake wa zamani, mtu wa reli, aliyefariki ghafla akiwa hana ndugu hapa mjini. Simu zilipigwa, na kanisa alilokuwa akihudhuria likajibu kwamba halimfahamu, kwa kuwa hakuwa na jumuiya wala kadi. Waliokuja ni wanajumuiya wa kanisa jingine la jirani, ambao walikuwa wakimsalimia tu akipita. Walileta turubai, wakapika, wakakesha, wakamzika. "Basi mimi nikikuuliza unasali wapi," akaniambia, "nataka kujua siku hiyo nimpigie nani." Tangu jioni hiyo nilianza kwenda kwenye misiba ya mtaani na kutazama ni akina nani wanaofika kabla ya matangazo, nani anabeba maji, na nani anabaki wageni wakishaondoka.

Kwenye makanisa ambayo huyafahamu kabisa, uliza mambo mawili bila aibu: je, limesajiliwa kwa Msajili wa Jumuiya, yaani ofisi ya serikali inayosajili taasisi kama makanisa, na hesabu za sadaka husomwa kwa nani? Kiongozi mwenye nia njema hatakasirika. Wanapokuhimiza kununua maji, mafuta au chumvi ya upako, au kuacha dawa ulizoandikiwa hospitali, ondoka. Februari 2020 kule Moshi watu 20 walikufa kwa kukanyagana wakigombea kukanyaga mafuta ya upako.

Ukishaamua

Usimchague mchungaji. Katika makanisa ya kimisioni mchungaji huhamishwa, na yule aliyekuvuta kwa mahubiri yake anaweza kuwa wilaya nyingine kabla ya Krismasi. Katika huduma zinazojitegemea yeye ndiye mwanzilishi na hahami, na hilo nalo lina faida na hasara zake. Kama mna familia, wasikilizeni watoto, hasa juu ya shule ya Jumapili, lakini msiwaachie uamuzi, maana watoto huchagua penye juisi.

Kisha peleka barua yako kwa mchungaji katikati ya wiki, si mlangoni baada ya ibada anapopeana mikono na watu mia. Jina lako litasomwa Jumapili inayofuata na kupangiwa jumuiya. Na yule mzee wa kanisa jingine aliyekuandika kwenye daftari la wageni mpigie simu, umshukuru na umwambie kwamba umepata pa kusali. Mimi sikufanya hivyo, na mwezi mzima kanisa moja lilikuwa likiniombea kama mgonjwa.