Msingi wa nguzo za skrubu kwenye udongo unaovimba, hatua kwa hatua

Kama udongo wa kiwanja chako unavimba mvua ikinyesha alafu unapasuka jua likiwaka, usidhani kumwaga zege nene zaidi kutautuliza, udongo huo unanyanyua nyumba upande mmoja na nyufa zinaanzia kwenye kona za madirisha. Dawa ni kushuka mpaka kwenye udongo usiocheza. Nguzo ya skrubu ni bomba la chuma lenye bawa moja au zaidi ya duara, inazungushwa ardhini na mota ya haidroliki iliyofungwa kwenye eskaveta.

Hatua ya 1. Chimba shimo la majaribio. Angalia nyufa na mizizi inaishia wapi, na udongo unaanza kuwa na unyevu ule ule kiangazi na masika kwenye kina gani. Bawa lazima likae chini ya hapo, tena chini kabisa sio pale mpakani. Kwa nyumba ya kuishi mwite mhandisi wa udongo apime, hapa usibane hela jamani. Ukikuta mawe makubwa au jalala lililofukiwa, nguzo hizi sio za hapo.

Hatua ya 2. Piga hesabu ya mzigo kwa kila nguzo, chagua bomba lililochovywa zinki, na nguzo ziachane angalau mara 3 ya kipenyo cha bawa, katikati hadi katikati.

Hatua ya 3. Simamisha nguzo, weka pimamaji pande mbili, anza taratibu. Ikilala irekebishe kwenye mita ya kwanza, ikishazama huisukumi tena.

Hatua ya 4, na hii ndo kazi yenyewe. Chora alama za chaki kwenye bomba. Bawa lenye pichi ya milimita 75, yaani nafasi kati ya ncha yake ya juu na ya chini, linatakiwa lishuke karibu milimita 75 kila mzunguko, kwahiyo ukiona inazunguka tu na chaki haisogei, simama, manake bawa linakoroga udongo na ule uliokorogwa haubebi kitu. Mwendeshaji aongeze mkandamizo. Huku jicho lako liko kwenye geji ya toki, yaani nguvu ya kuzungusha nguzo. Wengi wanaacha pale urefu wa kwenye mchoro ukifika, mi nasema urefu pekee hautoshi, lazima na toki ifike ile inayotosha mzigo uliopigia hesabu. Kwa bomba la milimita 89 kanuni ya kawaida ni toki mara 23: geji ikikaa kwenye kilonyutoni-mita 5, uwezo wa mwisho wa nguzo kubeba ni kama kilonyutoni 115, gawa kwa 2 kwa ajili ya usalama unabaki na 57 hivi, tani 5 na nusu ushee. Chukua wastani wa toki ya mizunguko ya mwisho mwisho, sindano ikiruka mara moja pengine umegonga jiwe tu. Toki haijafika? Unga kipande kingine uendelee kushuka. Na usirudishe nyuma kuweka sawa urefu, ukirudisha unalegeza udongo uliokwisha kukamata.

Hatua ya 5. Kata vichwa vyote usawa mmoja kwa gerenda, chomelea bamba la chuma juu ya kila kichwa, paka rangi ya zinki pale ulipokata.

Hatua ya 6. Funga nondo za boriti inayokaa juu ya vichwa vya nguzo na umwage zege, ila boriti isilale kwenye udongo. Acha nafasi wazi chini yake, sentimita 10 hadi 15 kutegemea udongo unavimba kiasi gani, na usije ukaijaza kifusi baadae, kwasababu udongo ukivimba lazima upate pa kupandia bila kugusa boriti.