Barua ya ziada ya mapendekezo: kabla hujamwendea mheshimiwa

Ninawasaidia wanafunzi wa S.6 (mwaka wa mwisho wa sekondari) hapa Kampala kuomba vyuo vya Marekani, na kuna swali halikosekani: "Mwalimu, niongeze barua ya mheshimiwa?" Mheshimiwa ni mbunge, au askofu, au mwenyekiti wa LC1 (baraza la kijiji au mtaa) na mhuri wake. Kuongeza barua inawezekana. Kazi ipo kwenye kumchagua mwandishi.

Hatua ya 1: Angalia chuo kinataka nini

Ndani ya Common App, mfumo wa mtandaoni wa kuomba vyuo vingi kwa fomu moja, kila chuo hujipangia idadi ya barua za lazima na za hiari. Stanford hutaka walimu wawili na huruhusu mtu mmoja wa ziada. MIT ina fomu yake nje ya Common App: mwalimu mmoja wa hesabu au sayansi, mwingine wa lugha, historia au masomo ya aina hiyo. University of California haitaki barua mpaka yenyewe ikuombe. Chuo kikisema hakitaki, usikilazimishe.

Hatua ya 2: Tafuta anayejua wasichokijua walimu wako

Barua ya LC1 huku kwetu hufungua milango mingi kwa sababu inathibitisha unakaa wapi na kwamba wewe ni mtu mwema. Anayesoma maombi Marekani hatafuti hilo. Na mbunge aliyekuona mara moja kwenye harambee ataandika nini zaidi ya "kijana huyu ana nidhamu na bidii"? Hayo walimu wameshayasema.

Sasa chukua mama mwenye duka la vipuri Katwe, aliyekuachia daftari la mauzo wakati wa likizo. Akieleza kwamba ulikuta stoo na daftari havilingani, ukazikagua risiti moja moja hadi ukagundua mzigo mmoja uliandikwa mara mbili, hapo msomaji anakuona ukifanya kazi. Mimi ningeichukua barua hiyo na kumwachia mbunge shughuli zake. Kocha, imamu au mchungaji anayekufahamu kwa karibu anafaa vilevile. Mmoja anatosha.

Hatua ya 3: Omba muhula wa pili

Common App hufungua msimu mpya tarehe 1 Agosti. Maombi ya mapema kwa vyuo vingi hufungwa mwanzoni mwa Novemba, ya kawaida mwanzoni mwa Januari. Katikati hapo kuna mitihani ya UNEB (baraza la mitihani la Uganda), kisha Krismasi, watu wako kijijini na mtandao unasuasua.

Jiandae kuambiwa, "Andika wewe, mimi nitatia saini." Usikubali. Barua ya namna hiyo hufanana mno na insha yako, na si haki pia. Mpelekee maswali mawili matatu: nilifanya nini ukiwepo? Nilikwama wapi, nikatokaje? Kama Kiingereza kinamsumbua, aseme kwa Kiswahili au Luganda, mtu mwingine asiye wewe wala ndugu yako amtafsirie na kutaja mwishoni kwamba ametafsiri.

Hatua ya 4: Mwalike

Ongeza chuo kwenye orodha yako, kisha fungua sehemu ya "Recommenders and FERPA". FERPA ni sheria ya Marekani ya mwaka 1974 inayompa mwanafunzi haki ya kuona kumbukumbu zake za shule. Utaulizwa kama unaiacha haki ya kusoma barua utakazoandikiwa, yaani unakubali kutozisoma. Iache, maana barua ambayo mwombaji hakuisoma huaminika zaidi.

Baada ya hapo chagua "Other Recommender", andika jina na barua pepe yake, kisha mpangie kila chuo unachotaka kipokee barua. Wengi husahau kumpangia. Mwaliko unakwenda, barua inaandikwa, lakini chuo hakiipati.

Barua pepe iwe ile anayoifungua kweli, si ya kafe wala yako. Kaeni pamoja na simu yake mkononi, mtafute mwaliko hata kwenye folda ya taka (spam). Barua ataipakia mwenyewe, wewe huigusi. Mhuri si lazima.

Hatua ya 5: Fuatilia

Unaweza kutuma maombi yako kabla barua haijafika, kwa hiyo usimsubiri. Ukurasa huohuo utakuonyesha kama ameshaituma. Wiki mbili kabla ya mwisho, kama bado, mpigie simu. Akiwa hana bando, mtumie.