Mambo ya kuzingatia kabla ya kununua pedi za breki kwa safari ya Tabora hadi Kigoma

Anayetoka Tabora kwa pikipiki kubwa ya safari, akapita Urambo, Kaliua na Uvinza hadi Kigoma, ana kama kilomita 400 mbele yake. Akiongeza kipande cha Kasulu au akapanda Manyovu, huko ni milima. Maduka mengi ya spea njiani yamejaa vifaa vya bodaboda za cc 125 na 150. Pedi ya pikipiki ya cc 800 au 1200 huenda ikabidi iagizwe Dar es Salaam na kuja na basi, kwa hiyo jambo hili lishughulikiwe wiki mbili kabla, si asubuhi ya kuondoka.

Anza na pedi zilizopo. Mulika tochi ndani ya kalipa, kifaa kinachobana pedi kwenye diski, utazame nyama ya pedi, yaani ile sehemu inayosugua diski, bila kuhesabu bati la nyuma. Pedi nyingi mpya huwa na nyama ya milimita 4 hadi 5. Ikibaki 2, ni za kubadilisha. Kwa safari ndefu hata 3 ni kidogo, hasa kati ya Novemba na Aprili, maana tope lenye mchanga likiingia kati ya pedi na diski hufanya kazi ya msasa kila ukikanyaga breki.

Kisha zitoe uzishike mkononi, kwa sababu pedi kuukuu zinaeleza hali ya kalipa nzima. Zikiwa zimelika sawasawa, kalipa ni nzima. Moja ikiwa nyembamba na mwenzake bado nene, pistoni inayosukuma pedi imekwama au pini ambazo kalipa huteleza juu yake zimekauka. Ikiwa pedi imelika mshazari kama kabari, angalia pini hizo hizo. Zisafishe na uzipake grisi ya silikoni. Grisi ya kawaida huvimbisha mipira ya ndani na kalipa inarudi kukwama. Ukifunga pedi mpya juu ya ugonjwa huo, nazo zitakwenda vilevile. Nyama inayong'aa kama kioo imeungua. Iliyolowa oili itupwe, haisafishiki.

Diski nayo ipimwe. Pembeni yake au karibu na boli kumechongwa unene wa chini unaoruhusiwa, mfano milimita 4.5. Pima katikati ya sehemu inayosuguliwa, si kwenye ukingo, kwa kuwa ukingo haujalika na utakudanganya.

Sasa aina ya pedi, na hapa ndipo wengi hukosea. Pedi laini, zinazoundwa kwa nyuzi na gundi, zinashika taratibu na hazili diski sana, lakini huisha haraka kwenye tope. Zikipata moto sana, gundi yake hutoa gesi na breki hupungua nguvu ghafla. Pedi za unga wa chuma uliobanwa kwa joto kali huvumilia moto, hushika hata zikiwa zimelowa na hudumu zaidi. Kwa pikipiki iliyobeba abiria na masanduku matatu, hizi ndizo za kuchagua mbele. Mzigo na mwendo si mchezo: ukitoka kilomita 60 kwa saa ukafika 90, joto ambalo breki inapaswa kulimeza ili usimame ni zaidi ya mara mbili.

Pedi za chuma zina masharti yake. Hula diski zaidi, na diski za chuma cha kusubu haziziwezi kabisa. Pia hupitisha joto kwa wepesi hadi kwenye pistoni na oili. Oili ya breki hufyonza unyevu kadiri inavyokaa, na yenye unyevu huchemka mapema: oili mpya ya daraja la DOT 4 haichemki chini ya nyuzi 230 za Selsiasi, lakini iliyofyonza maji inaweza kushuka hadi kama 155. Ikichemka kwenye mteremko mrefu wa kutoka Manyovu, mkono wa breki unalala hadi kwenye usukani hata kama pedi ni mpya kabisa. Kama oili ina zaidi ya miaka miwili, au imekuwa kahawia, ibadilishwe siku hiyo hiyo. Fuata DOT iliyoandikwa kwenye kifuniko cha kopo la oili lililo kwenye pikipiki. DOT 5 ni ya silikoni na haichanganywi na 4 wala 5.1.

Nyuma ya bati la pedi tafuta herufi mbili. Ya kwanza ni msuguano pedi ikiwa baridi, ya pili ikiwa moto. F ni 0.35 hadi 0.45, G ni 0.45 hadi 0.55, H ni zaidi ya hapo. HH ni nzuri mbele. Nyuma tunashauri GG au pedi laini kidogo, maana kwenye barabara ya vumbi tairi la nyuma likibanwa kwa HH hujifunga upesi na pikipiki huyumba.

Usimtajie muuzaji jina la pikipiki peke yake. Kiwanda hubadilisha kalipa kati ya mwaka na mwaka, basi nenda na pedi ya zamani ulinganishe matundu, masikio na unene wa bati. Pikipiki yenye diski mbili mbele inahitaji seti mbili, pedi nne, zote za aina moja. Bati lenye kingo zilizokatwa ovyo, au nyama unayoweza kuibandua kwa ukucha, ni feki. Iache hata kwa bei ya bure.

Kabla ya kurudisha pistoni ndani, zisafishe kwa maji ya sabuni na mswaki, kisha fungua kopo la oili uchungulie. Oili hushuka kadiri pedi zinavyolika. Aliyeijaza juu zamani ataiona ikifurika na kubabua rangi ya tangi. Ukimaliza kufunga, bonyeza mkono wa breki mara nyingi hadi uwe mgumu, ndipo uwashe pikipiki. Ukisahau hilo, breki ya kwanza haitashika.

Pedi mpya zizoeshwe mahali tambarare, kama barabara ya Urambo alfajiri, si miteremko ya Kigoma mjini. Shusha mwendo kutoka 60 hadi 20 mara kama ishirini, ukiacha diski ipoe kati yake, bila kusimama ukiwa umeng'ang'ania breki. Kilomita 200 za kwanza acha nafasi kubwa mbele yako.

Pedi za zamani zikiwa bado na milimita 3 na zimelika sawasawa, zifunge kwenye kitambaa kikavu, andika ni za upande gani, uziweke kwenye sanduku pamoja na alenki ya pini na klipu moja ya akiba.