SOMO: Kesi ya Chapta 13 Marekani (kufilisika kwa mpango wa kulipa madeni kidogo kidogo chini ya mahakama) ikifutwa, ufanye nini

Naandika mara moja ili nisirudie tena.

1. Soma amri ya hakimu: sababu ni ipi, na je, umezuiwa kufungua tena kwa siku 180?

2. Zuio (kinga ya mahakama inayowazuia wadai kukudai wakati kesi iko wazi) limekwisha. Kufutwa kesi si kusamehewa deni; riba na mnada vinaendelea.

3. Kosa linarekebishika (rejesho limechelewa, ritani ya kodi haikuletwa)? Omba amri ibatilishwe ndani ya siku 14, na ushahidi uwe mkononi. Rufaa nayo ni siku 14 hizo hizo.

4. Kufungua upya. Hapa ndipo watu wanapoumia. Kama ndani ya mwaka mmoja uliopita ulikuwa na kesi iliyofutwa, zuio jipya linadumu siku 30 tu. Kuliongeza kunahitaji ombi, na usikilizwaji uwe UMEMALIZIKA kabla siku 30 hazijaisha; kuwasilisha karatasi pekee hakutoshi. Kwa hiyo ombi liende siku ileile unayofungua kesi, na tarehe uifuatilie kwa karani. Kama ya kwanza ilikufa kwa kushindwa kulipa, hakimu atauliza nini kimebadilika: peleka barua ya kazi mpya, hati za mshahara, bajeti. Zikiwa kesi mbili zimefutwa ndani ya mwaka, zuio haliji kabisa mpaka uliombe. Cheti cha ushauri wa madeni (kinachotakiwa kabla ya kufungua kesi) kilichozidi siku 180 hakifai, chukua kingine.

5. Chapta 7 (kufilisika kwa kufutiwa madeni bila mpango wa malipo), kama kipato chako ni kidogo kiasi cha kukubaliwa. Ada ni dola 338 (Chapta 13 ni 313). Haikupi nafasi ya kulipa malimbikizo ya nyumba kidogo kidogo.

MASWALI

– Mkuu kesi imefutwa, nyumba inanadiwa Alhamisi, nifanyeje?
– Namba 4. Mpigie wakili leo, umpe tarehe ya amri na idadi ya kesi zako za nyuma. Bila hayo hata yeye atabahatisha.

– Niliifuta mwenyewe baada ya benki kuomba zuio liondolewe. Naweza kufungua kesho?
– Swali zuri dada, wengi hawalijui. Ukifuta baada ya ombi kama hilo kuwasilishwa, unasubiri siku 180. Linganisha tarehe mbili hizo kwanza.

– Na pesa nilizompa msimamizi wa kesi (anayepokea malipo yangu na kuwagawia wadai)?
– Mpango ukiwa haujaidhinishwa, zinarudi kwako baada ya gharama kukatwa. Zilizokwishagawiwa wadai hazirudi. Umehama? Mpe karani anuani mpya, hundi hutumwa kwa posta.

– Tarehe hizo naziona wapi?
– PACER, mfumo wa mtandaoni wa kumbukumbu za mahakama za shirikisho Marekani. Matumizi yasipozidi dola 30 kwa robo mwaka, hulipi.