Mapishi ya nyumbani kwenye jiko la ugenini

Chakula kikiharibika, usilaumu mkono wako kabla ya kupima kikombe. Cha Marekani ni takriban mililita 240, cha Australia 250, cha Japani 200. Unga upime kwa gramu, yaishe.

Jiko la umeme la sahani hubaki na moto hata likizimwa. Kitunguu kikianza kugeuka rangi, epua sufuria kabisa.

Maharage yakigoma kuiva, shuku maji: yenye chokaa nyingi hukaza maganda. Loweka usiku kucha, mwaga, kisha tia robo kijiko cha chai cha magadi soda kwa nusu kilo. Ukizidisha yatapondeka na kuwa na ladha ya sabuni. Nyanya na ndimu zisubiri yalainike. Mahali pa mwinuko, maji huchemka kwa joto la chini zaidi, takriban nyuzijoto 1 kwa kila mita 300, hivyo ongeza muda, si moto.